Maji Aliyoomba Dulcie

Mdogo wangu Dulcie,

Goti langu halijambo, na mkate niliouoka majivuni kwa sherehe ya utamaduni wetu pale shuleni uliisha wote. Watoto walicheza ngoma za mababu, hata wale wa kizungu walijipaka udongo mweupe.

Wageni hukaribishwa na sisi wenyeji wa asili, wenye ardhi, basi nilisimama langoni nikiwapitisha mmoja mmoja kwenye moshi wa majani wa kuwatakasa. Wa mwisho alikuwa Mwalimu Haddrick, siku hizi anatembelea mkongojo. Ndiye yule aliyekusugua ulimi kwa sabuni kwa sababu uliomba maji kwa lugha yetu.

"Habari za siku nyingi, Merle. Napita?"

"Bado, mwalimu. Kwanza omba maji alivyoomba Dulcie."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamtajia maneno, akayakosea, wajukuu zake wakimtazama.

"Rudia."

Alirudia mara tisa, jasho linamtoka, ndipo nikampisha. Kisha nikafungua mkoba, nikamwonyesha kipande cha sabuni.

"Hii ni ya mwakani," nikamwambia, "ukisahau."

Ameshaalikwa. Mwaliko nimeuandika mimi.

Dada yako mwenye kinyongo,
Merle