Hodi ya Tatu

Mama Neema wangu,

Huku Unguja joto linanipika bila chumvi, lakini mimi mzima.

Jana Neema alikwenda kazini, nami nikajilaza sebuleni kwake bila shati. Jirani, Bi Mwanaidi, akapiga hodi. Uvivu ukanishika, nikanyamaza. Akapiga ya pili, nikanyamaza. Baada ya ile ya tatu nikasikia ndara zake zinaondoka, na harufu ya pweza wa nazi inaondoka nazo! Nikatoka mbio, kitambi mbele.

"Bi Mwanaidi, nipo!"

"Nshapiga hodi tatu, mzee. Ya nne si adabu." Akacheka, sahani akanipa.

Nikala, lakini moyo haukutulia. Tangu tuoane unaniambia Yesu anabisha hodi kwangu, nami najifanya nimelala. Nikaogopa kusikia na Yeye ndara zake zinaondoka. Basi nikapiga magoti, vidole bado vina nazi, nikasema: "Bwana, nipo. Karibu ndani, ila hapajafagiliwa."

Usimwambie mchungaji, atanitia kwaya. Nikirudi tutasali wawili, unifundishe yanayofuata.

Jifunike vizuri, baridi ya Lushoto isinimalizie mke.

Baba Neema