Masharubu ya Landra

Jumapili, 23 Oktoba
Leo tumewashusha farasi kutoka mlimani. Wa kwangu ni mmoja tu, Landra, jike mzee, wa mwisho katika wale wa marehemu mume wangu Eladio. Tulikuwa nao kumi na tisa! Tumewakata manyoya ya shingo kama kila mwaka — vumbi, mateke, kelele. Halafu jirani yangu Hixinio, asiyejua kufunga mdomo, akapaza sauti mbele ya watu wote: "Dosinda wee, hebu simama karibu na farasi wako tuone. Masharubu ni yale yale!" Zizi zima likaangua kicheko. Hata padri!

Nikachukua mkasi, nikamnyoa Landra masharubu yote, mpaka ngozi. "Haya, sasa nani kafanana na nani?" Wakaacha kucheka ghafla. Nikarudi nyumbani, na kwa mkasi ule ule nikanyoa ya kwangu.

Jumanne, 25 Oktoba
Mjinga mimi! Miaka sabini na minane na farasi hawa. Masharubu yale si pambo. Nyasi zikiisha mlimani hubaki toxo tu, vichaka vya miiba mitupu, na manywele ya mdomo ndiyo yanayozuia miiba. Mtoto mdogo anajua. Hixinio alijua, ndiyo maana aliacha kucheka. Na hakusema neno, mnafiki yule.

Jumamosi, 5 Novemba
Nyasi zimeisha. Landra kaja kwenye ukuta wa mawe nyuma ya nyumba, mdomo unavuja damu. Nimempa majani makavu. Kayanusa, kanigeuzia matako. Bandani haingii, hajaingia tangu azaliwe. Mkaidi!

Basi nikatoa nyundo ya mti ya Eladio na jiwe lake la kupondea, lenye shimo. Nikakata toxo changa nikaziponda, kama wazee walivyowapondea farasi wa mizigo, mpaka miiba ikalainika. Kala zote. Hakunitazama. Wala sikutaka anitazame.

Ijumaa, 11 Novemba
Mwanangu Amaro kapiga simu kutoka Uswisi. "Mama, njoo ukae na sisi baridi hii. Uko peke yako huko." Nani kasema? Nikamwambia nina kazi. "Kazi gani, mama?" Kazi! Akauliza wiki hii nimeongea na nani. Na watu, nikasema. Kweli niliongea na muuza mkate, Jumatano. "Mikate miwili?" aliniuliza. "Mmoja."

Chini kwa Hixinio wanachoma nyama na kuonja divai mpya. Hakuna aliyeniita. Wangeniita nisingeenda. Lakini wangeniita.

Jumatano, 16 Novemba
Nimeteleza. Kifundo cha mkono wa kulia kimevimba kama kiazi. Naandika kwa kushoto, mwandiko wa kuku. Nimejaribu kuponda kwa kushoto pia. Nusu ndoo, na miiba imebaki. Landra kaonja, katema. Masharubu yanaota, mafupi kama brashi ya viatu. Bado wiki sita, labda zaidi. Hana wiki sita. Mbavu zinahesabika.

Yangu pia yanaota.

Kwa Hixinio ni hatua themanini. Nikamwombe yule? Bora — sijui bora nini.

Alhamisi, 17 Novemba
Nimefika mpaka getini kwake. Nikarudi. Nikajiambia nimesahau kitambaa. Kitambaa kilikuwa kichwani.

Jumapili, 20 Novemba
Theluji kileleni. Landra hajala tangu juzi, kasimama ukutani, kichwa chini. Nilikuwa navaa viatu nishuke, safari hii kweli. Mara nikasikia kutoka uani kwa Hixinio: pu, pu, pu. Nyundo juu ya jiwe! Farasi wake aliwauza wote miaka minne iliyopita. Anampondea nani, trekta?

Imenyamaza. Kupitia dirisha namwona anapanda kuja huku, ndoo mbili mkononi, anahema. Angeenda moja kwa moja ukutani, si anamwona farasi pale? La, kaja mlangoni kwangu.

"Dosinda! Niziweke wapi?"

Kiatu kimoja mguuni. Mkono umefungwa kitambaa. Na masharubu haya, sijanyoa.

"Dosinda wee! Nisimame hapa mpaka niote mizizi?"

Kaweka ndoo chini. Kakohoa. Kasema jambo, chini chini, kama anaongea na ndoo. Sikusikia. Arudie kwa sauti, sauti ile ile ya zizini! Asiporudia sifungui. Komeo nimeshalitoa, lakini sifungui —