Seramu ya Watoto wa Obunga

Jumatatu, 3 Machi
Nimeficha kosa la maabara miaka mingi. Hata marehemu mke wangu hakulijua.

Uji saa moja. Dawa saa mbili. Nimonia imerudi, pafu la kulia. Mke wa mwanangu kanisimamia: "Baba, meza, ama nimwite kasisi mapema?" Nimemeza.

Atieno amepiga simu. Nilimfundisha, sasa ni daktari. Ameacha kazi hospitalini ili aendeleze utafiti wangu: kwamba watoto wa mtaa wa Obunga waliozidiwa na nimonia walikuwa na vipokezi dhaifu. Wiki ijayo anaanza kuwatoa watoto damu.

Jumatano, 5 Machi
Homa.

Niandike kama darasani. Katika seramu, yale majimaji ya damu yasiyo na seli, mna protini za komplementi. Huwapaka bakteria alama. Seli za kinga mapafuni zina vipokezi vya kuishika alama hiyo. Zikiishika, humeza bakteria. Pasipo alama, hata kipokezi kizima hakishiki kitu. Anayepima hudhani ndicho kibovu.

Joto huziharibu protini hizo. Wikendi moja stima ilipotea. Seramu ya watoto wagonjwa ikayeyuka frizani. Ya watoto wazima ilikuwa kwenye friza yenye jenereta.

Nilipima zote. Nikalaumu vipokezi.

Alhamisi, 6 Machi
Atieno amekuja na samaki, ngege wa ziwani kutoka kwao, Luanda Kotieno.

"Mwalimu, unapumua kama injini ya boti!"

"Na wewe bado unachelewa."

Tulicheka, nikakohoa. Akanionyesha ombi lake la fedha za utafiti, jina langu ukurasa wa kwanza. Nikamrudishia bila kulitaja kosa. Mwoga.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwita tena. Nimemweleza habari ya friza.

Aliuvuta mkoba mapajani. Kisha: "Ulijua lini, Mwalimu?"

Baada ya kuchapisha, nikasema.

Akafuta macho. Akasema kila mtu hukosea. Watoto hawatachomwa sindano bure, atasimamisha kazi na kuipanga upya. Akaniwekea mto vizuri. Huruma yake iliniuma kuliko kifua.

Jumapili, 9 Machi
Wote wako kanisani. Nyumba imetulia. Homa imeshuka, nguvu nazo. Nimekunywa chai nusu kikombe.

Wakirudi, nitaomba Atieno apelekewe ukurasa huu.

Sikujua baada ya kuchapisha. Nilijua Jumatatu asubuhi baada ya wikendi ile ya stima, kabla ya kupima. Nilizitoa chupa za seramu frizani kwa mkono wangu. Zilikuwa vuguvugu.