Vitunguu Kwenye Mikebe Yako ya Waridi

Mama Njeri wangu,

Usianze kwa kutafuta makosa ya kuandika. Najua utayapata. Wewe ulifika darasa la saba na mimi nilitoroka la nne, kwa sababu ya mwalimu aliyependa masikio yangu kuliko vitabu. Soma kwanza mpaka mwisho, kisha utafute kalamu nyekundu. Na Njeri, binti yangu, kama ni wewe umeifungua barua hii kabla ya mama yako, irudishe pale ulipoitoa. Haya ni ya watu wazima.

Haya. Wacha nianze na vitunguu, maana najua ndivyo uko navyo kwa roho.

Siku ile ulipoenda Ruiru kwa Njeri kumlea mtoto wake, Wambui mdogo, ulinionyesha mikebe yako sita ya waridi pale kwa veranda ukaniambia, "Baba Njeri, maji kila asubuhi. Hiyo tu." Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo vile huwa namwambia pasta kuhusu pombe. Mwezi wa kwanza nilimwaga maji nilipokumbuka. Wa pili sikukumbuka. Jua la hapa kwetu Ngoliba nalo halina huruma, likafanya kazi yake. Nikabaki natazama vijiti vikavu vimesimama kwa udongo mweusi mzuri ambao umekaa bure, na wewe unanijua mimi na udongo uliokaa bure. Nikang'oa vijiti, nikapanda vitunguu. Vikashika vizuri sana! Nikawa nangoja uje unisifu.

Ukaja. Ulisimama mlangoni mfuko ukiwa bado begani, ukaangalia mkebe wa kwanza mpaka wa sita. Ungeniita mjinga ningefurahi, hilo nimezoea na nina majibu yake. Ulivua viatu, ukang'oa vile vitunguu kimoja kimoja, ukavikaanga na nyama, ukaniwekea sahani, ukaketi ukinitazama nikila. Wewe hukula. Na mimi, kichwa maji, nikaomba niongezwe! Asubuhi ukarudi Ruiru, na tangu siku hiyo ni salamu za kupitia kwa Njeri tu.

Nakuambia ukweli, sikuelewa. Nilinuna pia. Nilizunguka boma nikiuliza kuku, sasa mtu mzima ananunaje kwa sababu ya miba? Kuku hawakunijibu, lakini walinitazama vibaya.

Halafu Njeri akapiga simu. Akasema Wambui mdogo anaanza nasari Januari, kwa hivyo kazi yako huko imefika mwisho. Nikamwambia, "Sawa, basi mama anarudi nyumbani." Akasema, "Baba, nilimuuliza ataenda wapi. Akasema hajui."

Mama Njeri, nyumba ni moja. Tumekaa ndani yake tangu ikiwa ya mabati mpaka ikawa ya mawe. Mtu anakosaje kujua?

Siku iliyofuata nilivaa koti la harusi za watu, nikashika gari la Ruiru. Nilikuwa nimepanga maneno kutoka Thika, yamepangika vizuri, hata mengine ya Kizungu. Lakini tulipokaribia Witeithie maneno yakaisha yote, nikaona nitafika kwako nisimame kama mbuzi mbele ya shule. Nikamwambia kondakta nimebanwa na mkojo, nikashuka. Hiyo ndiyo siku Njeri alikwambia baba anakuja na sikuonekana. Usiniulize tena.

Pale nilipoficha aibu yangu palikuwa na mama anauza maua kando ya barabara, ameyafunika na neti nyeusi. Alikuwa anapogoa waridi. Akanyoosha mkono anisalimie, nikaona plasta mbili kwa vidole.

Ndipo nikakukumbuka wewe ukitoka kwa geti la lile shamba la maua Thika, mimi nikiwa nje na baiskeli yangu isiyo na breki. Vidole vyako vilikuwa hivyo hivyo. Kila jioni yule askari alikuwa anafungua mfuko wako, anachungulia hata ndani ya chupa ya uji, asije akakosa ua moja. Nilikutania siku moja nikakuambia ukinipenda kweli uniletee moja. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Maua yanapanda ndege, mimi hata nauli ya kufika nyumbani ni miguu!" Kisha tukitembea, mimi nikisukuma baiskeli, ukasema kitu ambacho sikukishika wakati huo kwa sababu nilikuwa naangalia mahali pengine, na unajua ni wapi. Ulisema, "Unajua sijawahi kuona waridi likifunguka? Tunayakata yakiwa bado yamefumba. Siku nitaacha hii kazi nitapanda yangu, niyaangalie yafunguke, yazeeke, yaanguke yenyewe."

Hiyo ndiyo mikebe sita. Na mimi nikapanda vitunguu.

Nilinunua mimea mitano hapo hapo: waridi mbili, jeranium, mani planti ile ya kutambaa, na ile nyingine yenye majani marefu kama mapanga. Nilirudi nyumbani nikiwa bwana harusi. Lakini wewe umeishi na mimi, unajua mimi ni mtu wa mahindi. Nikaipanga kwa jua kali ili izoee maisha ya Ngoliba mapema, nikachota mbolea ya kuku, konzi nzima kwa kila mmoja, ikiwa bado na joto la mwenyewe. Siku ya tatu jeranium ilikuwa imeungua kama chapati za Njeri.

Nikaibeba kwenye karatasi mpaka Witeithie, kama mtu anapeleka mtoto kliniki. Yule mama akafungua, akanusa.

"Guka, babu wewe, umeipa nini?"

"Mbolea ya kuku."

"Ya lini?"

"Ya asubuhi hiyo."

Aliita majirani zake wote waje wanione. Walipomaliza kucheka akapangusa macho, akaniambia, "Guka, hii si mahindi. Imetoka hapa kwangu kivulini, haikujui, haijui nyumba yako. Iweke kwa veranda, isogeze kwa jua polepole. Usiihamishe mkebe, usiipe mbolea, iache kwanza ipumzike. Na kabla ya kunywesha tia kidole kwa udongo. Kikitoka kikavu, mwagia maji chini, si kwa majani. Kikitoka na udongo wenye maji, nenda ukakae."

Mimi kuambiwa nenda ukakae na mwanamke ambaye si wewe! Nikaenda, nikakaa.

Sasa kazi yangu ya kila asubuhi ni kutia kidole. Niliondoa ile mbolea, nikatoboa mashimo chini ya mikebe maji yasilale. Wadudu weusi walikuja kwa waridi, nikawaosha na maji ya sabuni, ile yako ya kuogea, uliyoiacha. Kariuki wa jirani alinikuta nimeinama akaniuliza, "Baba Njeri, umepoteza kitu humo?"

Nikamwambia, "Nimepoteza bibi."

Alicheka. Mimi pia nilianza kucheka, lakini kicheko hakikufika mwisho. Akaona, akaketi, tukazungumzia bei ya mbuzi.

Ile minne iliyobaki imeshika. Mani planti imepanda mpaka dirishani, inachungulia ndani kama jirani. Waridi moja lilitoa ua. Jekundu, lakini si jekundu la damu, ni kama lile la blauzi yako ya Krismasi. Nililikuta asubuhi moja limefungua mdomo kidogo, nikaleta kiti. Hilo jambo ni la polepole, Mama Njeri! Kumea kwa mahindi ni mbio ukilinganisha. Siku ya pili likafunguka zaidi. Pasta alipita, akasema lingependeza madhabahuni Jumapili. Nikamwambia Mungu ameshaliona, yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Hakupenda. Nikalinda ua langu mpaka likazeeka, kando likawa kahawia, kisha likaanguka lenyewe jani moja moja pale kwa saruji. Nilikaa nalo siku zote hizo. Hakuna kitu nilipata. Hakuna cha kula, hakuna cha kuuza. Na ninakuambia sijutii hata siku moja.

Njeri anataka nimtumie picha akuonyeshe. Nimekataa. Umeona maua ya kutosha yakipelekwa kwa watu wengine.

Hapa ndipo maneno niliyopanga Thika yalipaswa kuingia, lakini yale ya Kizungu nimesahau. Nitasema la nyumbani. Nilikukosea. Hukununa kwa sababu ya miba. Ulisubiri miaka yote ile uwe na kitu chako pale mlangoni, na mimi nilikula kitu hicho na nyama nikaomba kuongezwa. Nisamehe.

Jumamosi nitakuja Ruiru. Sitakuja na wazee, wala pasta, wala koti la harusi. Sitashuka njiani, hata nikibanwa kweli. Nitabisha hapo gorofani nikuulize mimi mwenyewe, mbele ya Njeri na bwanake, kama utarudi nyumbani Januari. Ukisema ndiyo, nitabeba mfuko wako siku hiyo hiyo kama umeshaufunga. Ukisema bado, sitabishana. Nitakunywa chai, nitacheza na Wambui mdogo, halafu nitaaga mapema nifike Ngoliba kabla jua halijazama, kwa sababu waridi la pili limetoa tumba mbili na siku za joto huwa naliangalia hata jioni.

Kaa salama mpaka hiyo Jumamosi, na uniwekee sukari vijiko vitatu, daktari hayuko hapo.

Ni mimi mume wako,
Baba Njeri