Springi Moja au Mbili

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumatatu jioni, tarehe 14.

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama imara, na lile goti limekubali dawa. Mapacha wanaendeleaje? Wameshaacha kugombania kijiko kimoja wakati kabati limejaa vijiko? Na baba yao, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda kazini. Ukiniuliza kuhusu moyo nitakwambia nao upo, unadunda tu.

Kazi ni ile ile ya kutengeneza meno ya bandia. Nashinda kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya kliniki, na mbele yangu kuna rafu ya taya za plasta, zote zimeachama kama watu waliotaka kusema jambo wakalisahau. Mwenzangu wa meza moja ni mzee anayesikiliza redio yake masikioni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Akifungua kinywa ni kuomba koleo. Kuna siku nilirudi nyumbani nikagundua kwamba neno pekee nililotamka kutwa nzima lilikuwa "tayari". Nikalisema tena chumbani, peke yangu, nione kama sauti bado ni yangu.

Usilie. Nakuandikia haya kwa sababu wewe hukubali kudanganywa.

Sasa nije kwenye suala la baiskeli, maana uliniuliza nimechukua ipi na mimi nikakaa kimya. Mwanzo wake ni uongo. Dada wa mapokezi pale kliniki aliniambia siku moja, macho yakiwa kwenye simu yake, kwamba yeye na wenzake wawili hupanda kilima cha nyuma ya machimbo ya mawe kila Jumapili, na kama nina baiskeli ya milimani niende nao. Nikasema ninayo. Sikuwa nayo hata tairi.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwa fundi anayeuza baiskeli karibu na soko. Akaniwekea mbili mbele yangu. Moja ina springi mbele tu, kwenye foko, ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Nyuma ni chuma kitupu, na kila jiwe unalokanyaga linakujia moja kwa moja mpaka shingoni. Ya pili ina springi mbele na nyuma, na ukiikalia inazama kidogo kama godoro. Nilimuuliza ile ya kwanza mtu anajikinga vipi na mawe. Akasema, "Magoti yako ndiyo springi ya nyuma. Ukiyakaza, umekwisha."

Ile ya springi mbili haichukuliwi hivi hivi. Lazima ipimwe kwa uzito wako, na huwezi kuipima peke yako: unaikalia na begi lako mgongoni, miguu yote miwili juu ya pedeli, na mtu mwingine anaishika usukani isianguke huku akiangalia springi imezama kiasi gani. Fundi alisimama mbele yangu ameishika, anasema, "Tulia. Usiguse chini. Nimekushika." Mama mdogo, nilitulia kuliko alivyonitaka.

Alikubali niijaribu kila moja Jumapili moja, kisha niamue. Wewe ukaniandikia nichukue ya springi mbili, ukasema mgongo hauna spea. Ulisema kweli. Lakini usicheke kwamba nilikonda kwa ajili ya springi. Niliona kwamba nikikosea baiskeli nitawakosa watu hawa watatu, na sina wengine.

Hao wengine wawili ni mkunga mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na mdogo wake, wanamwita Kona kwa sababu hajawahi kufunga breki kwenye kona.

Jumapili ya kwanza nilikwenda na ya springi moja. Kupanda ilikuwa nyepesi, nikawaacha wote. Nilipofika kileleni sikusimama. Sikujua mtu anasimamaje mahali peke yake akiwatazama wenzake wanavyokuja, kama mgeni aliyefika kabla ya mlango kufunguliwa. Nikapitiliza, nikaanza kuteremka. Huko kwenye mteremko ndiko nilikoumbuka. Gurudumu la nyuma lilirushwa huku na huku, nikawa nachagua jiwe hadi jiwe, vidole vimekufa ganzi kwenye breki. Baada ya muda wakanipita wote watatu kama maji.

Nilipofika chini, kwenye daraja la mbao, walikuwa wamekaa wananingoja.

"Huyo!" mkunga akapiga kelele. "Tulidhani umeamua kujenga huko huko!"

"Na bati ameshaezeka," Kona akasema.

Dada wa mapokezi akanishika mkono, akaugeuza, akatazama nilipochubuka kwenye kiwiko. Akamwagia maji ya chupa yake. Nilikuwa nimesahau jinsi mkono wa mtu mwingine ulivyo na joto.

Jumapili ya pili nilikwenda na ya springi mbili. Kupanda ilinichosha, maana nguvu ya mguu inaishia kwenye kunesa. Hata hivyo niliwatangulia kidogo, nikapitiliza kama awali. Mteremko ulikuwa raha tupu. Mawe yale yale yalipita chini yangu kama mto wa pamba. Walinifikia karibu na chini, nikaingia darajani pamoja nao, bega kwa bega na Kona, na kwa kuwa hakukuwa na wa kungojwa, hatukusimama. Tuliagana njia panda, kila mtu kwao. Hakuna aliyeniuliza kama nimefika salama. Angeuliza nini wakati ananiona?

Nikarudi kwa fundi nikamwambia nachukua ya springi moja. Nikamtajia sababu: ni nyepesi kupanda, haina vingi vya kuharibika, nitaisafisha mwenyewe. Akaitikia kwamba nimeamua kwa busara. Kila nililosema lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yangu. Wewe nakwambia: nilitaka kungojwa. Katika mji huu mzima hakuna anayetazama njia kwa ajili yangu isipokuwa watu watatu, dakika chache, kwenye daraja la mbao. Nikainunua hiyo.

Jumapili ya tatu nikaenda na baiskeli yangu mwenyewe. Nikawatangulia juu, nikapitiliza, wakanipita mteremkoni, wakaningoja. Lakini nilipofika darajani hakukuwa na utani.

"Dada," mkunga akasema, "tumekukosea nini?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Kila tukifika juu tunakuta alama za tairi tu. Pale juu ndipo tunapokaa, tunapumua, tunapiga soga. Wewe unatukimbia."

"Mimi nilisema anaringa," Kona akasema.

"Na mimi nikasema ana haya," dada wa mapokezi akajibu. "Tumebishana wiki nzima."

Nilikazia macho mnyororo wa baiskeli yangu kama vile umekatika. Usiku ule nilishindwa kulala, si kwa aibu peke yake. Nilikuwa najadiliwa, Mama mdogo. Wakati mimi nakimbilia mteremkoni ili nisimsumbue mtu, juu kule walikuwa wamekaa wananizungumzia mimi, wamenitengea nafasi kwenye jiwe.

Jana nikasimama. Nilifika kileleni nikaegemeza baiskeli, nikakaa. Kungoja ni kazi, sikujua. Upepo ulikuwa unavuma, machimbo yako chini meupe kama plasta yangu, na njia haina mtu. Nikawaza wamegeuza. Nikawaza wamepita njia nyingine makusudi, wanionjeshe. Nikapapasa tairi ambalo halikuwa na tatizo. Mara mbili nilishika usukani niondoke, na mara mbili nikauachia.

Kisha nikasikia sauti ya mkunga inakitukana kilima, mlima mshenzi huu, kila Jumapili unaongezeka. Akaniona.

"Heee! Leo vipi, umeishiwa upepo?"

"Nawangoja," nikasema.

Alijibwaga karibu yangu jasho likimtiririka, akaniegemea kwa uzito wake wote kama mtu anavyoegemea ukuta wa kwao. Wengine wakafika. Kona akauliza kwani mimi huwa nafanya nini kwenye kile chumba cha nyuma, nikawaeleza habari za taya. Nilieleza mpaka nikaona aibu ya kueleza sana, na hakuna aliyenikatiza. Tukateremka. Wakaniacha nyuma, na nilitikisika mpaka macho yakaingia ukungu, lakini magoti sikuyakaza.

Leo ni Jumatatu. Kazini nimesema maneno mawili, yote kwa mzee wa koleo. Sitaki udhani nimepona. Siku za katikati ni ndefu kama zilivyokuwa, na baiskeli imesimama miguuni pa kitanda changu kwa kuwa hakuna mahali pengine. Naona mawingu yanajikusanya nje. Mvua ikinyesha Jumapili, sijui nitafanya nini na nafsi yangu.

Nisalimie baba wa mapacha, na mapacha wenyewe mmoja mmoja, wasije wakaigombania salamu. Bibi mwambie kikohozi changu kiliisha. Mjomba mwambie sijaolewa, asipoteze pumzi kuuliza. Mungu akulinde barabarani na akuondolee maumivu ya goti.

Wako akupendaye, niliye mbali lakini si mbali nawe,

Mwanao, mtoto wa dada yako