Nilichagua Bodi kwa Kuhesabu Miguu

Bi Mwanabaraka shikamoo, na wote mnaosoma ukurasa huu habari zenu, mimi ni Shigela, fundi simu wa hapa Mabatini, shule niliishia darasa la tano ila mdomo wangu uliendelea mpaka chuo kikuu, watu wananijua kwa kuchekesha lakini leo sina hata kichekesho kimoja, au labda ninacho kimoja na ni mimi mwenyewe, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika.

Iko hivi. Mwaka juzi alikuja dada mmoja anaitwa Odeta, anasoma ualimu Butimba, kaleta simu haichaji, nikawa namtengenezea huku anaangalia kila ninachogusa na kuuliza maswali mpaka nikamwambia dada si ukae kwenye kiti basi, na tangu siku hiyo kila Jumamosi mchana anakuja dukani tunajifunza vitu vya umeme, yeye anasoma na kuandika kwenye kompyuta, mimi nachomelea, hata mke wangu Rebeka kamzoea, Jumamosi ikifika ananiambia, "Mwalimu wako anakuja, vaa shati."

Sasa tukapenda kitu kinaitwa FPGA. Bi mkubwa usiogope hayo maherufi, ni chipu ambayo ukiinunua haina kazi yoyote, kama kiwanja kitupu, wewe ndiye unayeiandikia kwenye kompyuta ndani yake pajengwe nini, leo saa, kesho ukifuta inakuwa kitu kingine, na raha yake inafanya mambo mengi kwa mara moja bila kupanga foleni. Tunaitaka kwa ajili ya mbio za mitumbwi za kule Igombe, maana mwaka jana mitumbwi miwili ilifika pamoja, wazee watatu wenye simu za kuhesabia muda kila mmoja ana jibu lake, ng'ombe wa zawadi kakaa siku mbili kafungwa anasubiri kujua mwenyewe ni nani. Sisi tunataka kila mtumbwi, na huwa ni sita, uwe na saa yake ndani ya chipu, ukikata mwali wa taa pale mwisho saa yake inasimama, namba zinatokea kwenye TV, ugomvi basi. Kwenye kompyuta tumejaribu imekubali, imebaki bodi yenyewe, kile kibao kinachobeba hiyo chipu.

Odeta akanipa karatasi ya daftari, kaandika mambo manne ya kuangalia kabla ya kununua, akasema, "Kaka Shigela, twende na ile ndogo ya ukubwa wa kiberiti, hizo kubwa zitatutoa machozi." Akataka kuchanga, nikamwambia wewe mwanafunzi, kula, bodi niachie mimi. Akauliza, "Umeelewa karatasi?" Nikasema nimeelewa.

Bi Mwanabaraka, karatasi ilikuwa ya Kiingereza.

Nikaikunja nikaificha nyuma ya kava la simu, nikaenda Mirongo kwa Nurdin anayeuza spea za mtumba, nikachagua kama ninavyochagua vitu vyangu siku zote, nikaipima mkononi nzito, nikahesabu miguu ya chipu nikafika mia mbili nikachoka, taa zimejaa kama ukumbi wa harusi. Nurdin ananiambia, "Ngosha, hiki chuma kimetoka kwenye mashine ya Ulaya, hicho cha mwalimu wako ni cha watoto." Nikaona aibu kununua cha watoto.

Nimefika nyumbani ikawaka taa moja nyekundu, harusi imeishia hapo. Haina mahali pa kuchomeka waya wa USB, inataka kifaa chake maalumu, nikaazima, nikakuta chipu imezeeka programu za sasa haziijui, na ile ya zamani inayoijua inataka kulipiwa leseni. Odeta akija anauliza, "Kaka, bado?" Nasema mzigo uko njiani. Jumamosi nne sasa mzigo uko njiani, ungekuwa unakuja kwa miguu kutoka China ungeshafika, na bodi yenyewe iko chini ya kiti anachokalia. Rebeka kaniambia, "Unamdanganya mwalimu wako kwa ajili ya kipande cha bati?" Na mwezi ujao dada wa watu anamaliza chuo anarudi kwao Muleba, na sijawahi kupata mtu wa kunifundisha asinicheke.

Hela ninayo ya kununua bodi nyingine ndogo, moja tu. Niambie ninunue ipi, haraka, asijue.

Shigela, Mabatini

BI MWANABARAKA ANAJIBU

Marahaba mwanangu Shigela. Nimekucheka kwenye ng'ombe, nimekucheka kwenye harusi ya taa moja, nilipofika kwenye ile karatasi nikaacha.

Kwanza bodi, maana umeomba. Mimi sizijui, nimemuuliza Revocatus anayefundisha vijana ufundi wa umeme. Kacheka sana, kisha akasema hakuna fundi ambaye hajawahi kununua bodi kwa kuangalia taa, kwa hiyo usijipige. Anasema anza na ndogo, ichomekwe moja kwa moja kwa waya wa USB bila kifaa cha pembeni. Programu yake iwe ya bure, na hakikisha inakubali kwenye kompyuta yenu hiyo hiyo kabla hujatoa hata shilingi. Iwe na tundu la kupeleka picha kwenye TV. Na iwe bodi ambayo wanaojifunza wengi wanaitumia, ili mkikwama mpate mifano. Saa za mitumbwi sita, anasema, chipu ndogo inazibeba na nafasi inabaki. Ya watoto! Nurdin anauza spea, hakuna siku atakuambia kitu chake ni kikubwa mno.

Naweka dau kuwa hayo ndiyo mambo manne ya Odeta. Yalikuwa nyuma ya simu yako muda wote.

Sasa hilo la "asijue", hapo sikusaidii. Hukupotezwa na bodi, ulipotezwa na neno moja, "nimeelewa". Aibu ya kuachia shule darasa la tano naijua, imo hata kwenye nyumba yangu, na si kosa lako. Kosa ni kumweka mtu juu ya uongo wako Jumamosi nne, mtu aliyekaa kwenye kiti hicho miaka miwili bila kukucheka. Unadhani ataanza leo?

Kwa hiyo usinunue chochote peke yako. Jumamosi vaa shati kama mkeo anavyosema. Toa bodi chini ya kiti, iweke mezani, mwambie ulivyohesabu miguu. Atanuna kidogo, mwache anune. Halafu mpe karatasi yake, akusomee kwa Kiswahili mstari mmoja mmoja, na bodi ndogo mkaiagize pamoja, siku hiyo hiyo.

Na akikuuliza tena, "Kaka Shigela, umeelewa?", jibu, "Hapana. Nisomee tena."