Vichupa vya W

Kwamndolwa, 4 Mei 2024

Mwanangu Mwanaisha,

Hujambo huko Handeni? Mimi mzima, goti tu linasumbua. Vichupa arobaini nimemaliza, vinakuja na barua hii ndani ya boksi. Kila ningu nimemkata kipande cha pezi nikakitia kichupani, samaki nikamwachia, kama alivyonifundisha bosi wako Yusta. Ishirini wa bwawani kwetu, ishirini waliopanda na mto masika hii. Watu wananiuliza kama kweli mtafunga bwawa tusivue tena. Nimesema sijui. Tangu mama yako afe, mboga yangu ni hiyo hiyo. Nijibu.

Baba yako, Mhina


Handeni, 13 Mei

Baba shikamoo,

Goti likoje? Lichue. Mimi mzima ila silali. Vichupa vyote umeandika W! Vya bwawani ni vipi? Vinasaba vimeonyesha koo mbili. Ukoo mmoja unasafiri, mwingine hauhami. Kama wasiohama ndio wa bwawani, bwawa lifungwe, maana wakiisha hawaji wengine. Yusta kauliza nani kaandika. Nimesema mimi.

Mwanao, Mwanaisha


Kwamndolwa, 17 Mei

Marahaba mwanangu,

Goti vile vile. Ulisema niandike herufi ya kwanza. Wenyeji, W. Wageni, W. Nimefanya ulivyosema. Samaki mzima ningemjua kwa macho, kipande sikijui. Usinidanganyie. Mwambie ni mimi.

Baba yako


Handeni, 20 Mei

Shikamoo baba,

Nimemwambia. Kacheka. Anataka vipande vitano vya bwawani tu, uandike BWAWA. Tafadhali haraka, na watu wasijue kwanza.

Mwanao


Handeni, 2 Juni

Baba shikamoo,

Siku ya kumi na tatu leo. Boksi halijaja, simu haipatikani. Unaumwa? Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao


Kwamndolwa, 9 Juni

Marahaba mwanangu,

Siumwi. Naona aibu. Jirani yangu Jabiri alinikuta nasoma barua yako, akauliza, nikamwambia bwawa huenda likafungwa. Kesho yake bwawa zima nyavu. Nikamwambia aache. Akasema, "Mhina, we vipi? Tuiachie serikali mboga yetu?" Na mimi nikaingia. Nimekausha ndoo mbili za samaki, vichupa sikuvikumbuka.

Leo nimekaa na wavu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nimepata mmoja, kama kidole. Sikumkata, angekufa. Nimemrudisha. Kwa hiyo kichupa hakuna.

Waambie wafunge.

Baba yako, Mhina